Hesabu za Chumba Namba Tisa

Jina la mwanawe wa pili limemtoka.
Langu hulipata Jumatatu, Jumanne hulipoteza.
Lakini mtajie mwaka sabini na sita
na Rosaire Fecteau atakujibu bila kukohoa:
mia tisa na nne kwa mia saba na thelathini.
Kura, hizo. Huzitafuna taratibu
kama aliyekuta karanga mfukoni mwa koti la zamani.

Huku ni Berlin, New Hampshire,
si ile Berlin ya darasa la saba
walikokaa mezani wakatukata kama muhogo.
Hii ni ya mto na magogo, ya kiwanda cha karatasi
kilichonuka mayai viza tangu enzi za babu zao,
na watu wakasema: ndiyo harufu ya mshahara.
Kikafungwa. Hewa ikatakata. Vijana wakahama.

Namwosha mgongo saa kumi na mbili asubuhi.
Namwita Mheshimiwa; anapenda linavyotamkwa.
Kwetu Kigoma mheshimiwa hupita na vioo vyeusi,
vumbi lake hubaki likituwakilisha.
Huyu alilipwa dola mia kwa mwaka.
Mia! Nikadhani akili imeteleza,
nikamuuliza binti yake, akacheka: ni kweli,
na pesa ya mafuta hadi Concord,
milima, theluji,
na wanyama wenye pembe pana kama karai
wakisimama barabarani kama waliokwisha kulipia kodi.

Mara kumi na tano aligombea.
Sabini na nne alianguka, hakuna aliyemjua
ila wenzake wa zamu ya usiku.
Themanini akapita bila kupingwa;
mwaka ule anausema haraka haraka, hauna ladha.
Tisini na mbili zilimiminika kuliko wakati wowote,
na ndio mwaka alipomzika kaka yake, mapafu.
Elfu mbili na mbili wakamwambia asante,
wakampa saa ya ukutani.
Sheria zake? Moja. Taa tatu kwenye daraja la kiwandani.
Miaka ishirini na minne, taa tatu.
Mbili zinawaka bado. Huzipita nikitoka zamu.

Themanini na nne hakuitaja kamwe.
Nilihesabu kwa vidole nikaona pengo, kama la jino.
Usiku mmoja wa Oktoba, maji ya beseni yakipoa,
akanishika kifundo cha mkono:
mia nane na kumi na moja.
Mia nane na kumi na mbili.
Walihesabu upya, karatasi moja moja,
mbele ya mawakili wawili na mlinzi mwenye mafua.
Moja, akasema. Moja.

Mpinzani, Wendell Haskell, alikuwa jirani.
Na baba yake Rosaire alimfunza: mtu hajipigii kura,
ni sawa na kujipakulia mnofu mbele ya wageni.
Akaingia nyuma ya pazia, akamtilia Haskell alama.
Hakumwambia Lorette.
Lorette alilia wiki nzima akimlaumu shangazi
aliyeogopa baridi, akabaki ndani.
Ameingia kaburini akimlaumu.

“Na themanini na sita, Mheshimiwa?”
“Nilijipigia,” akasema.
“Mkono ulitetemeka kama wa mwizi.”
Nikamfuta maji. Sikuwa na neno;
kwetu tungesema mla ni mla leo,
lakini yeye alikwisha kula ya jana, akakosa ya leo,
na bado alikuwa akiomba radhi kwa Kifaransa
kwa picha iliyo juu ya redio.

Uraia niliapa mwezi wa saba.
Jumanne ile nilipanga foleni nyuma ya muuza matairi,
nikapewa karatasi ndefu kama orodha ya harusi,
na kalamu iliyofungwa kwa kamba.
Jina lake niliona halipo. Niliona pia nililitafuta.

Nilirudi chumba namba tisa na stika kifuani.
Akaitazama, kisha akanitazama mimi,
na siku hiyo, Jumanne, jina langu alilikumbuka.
“Ngapi kwa ngapi?”
“Bado hawajahesabu, Mheshimiwa.”
“Vizuri,” akasema. “Vizuri.”
Akafumba macho kama mgombea anayeongoza.