Andika kwa Penseli

Fomu ina maswali tisa.
Niliyafasiri mwenyewe, usiku, nilipokuwa chuoni Unguja,
nikajiona nimefasiri vyema
mpaka alipoketi mbele yangu Bi Shumbana wa Mtambwe,
buibui lake lingali na mikunjo ya sandukuni.

"Katika wiki mbili zilizopita," nasoma,
"ni mara ngapi umehisi huna thamani?"
Ananitazama kama mtu aliyeulizwa bei.
"Ya msimu huu au wa mwaka jana?"

Naandika: haijulikani. Nafuta.

Kitabu changu kinasema wiki mbili.
Huzuni ikipita hapo, usingizi ukenda zake,
chakula kikawa mchanga mdomoni,
dalili tano kati ya tisa, basi, jina lipo.
Nne hazitoshi.
Siku ya kumi na tatu huumwi.
Ya kumi na nne unaamka unaumwa.

Yeye amekaa eda miezi minne na siku kumi.
Wifi yake alizihesabu kwa mkaa nyuma ya mlango.
Hakupaka wanja, hakugusa udi,
na hakuna aliyemletea fomu.
Tangu Rajabu eda imekwisha;
wakaja, wakamkogesha, wakampa kanga mpya.
Mwili ukatoka.
Mwenyewe hajatoka.

Nimwite mgonjwa tangu lini?

Shemeji anayo sababu: amekaliwa na kitu,
kinataka kombe la zafarani siku saba.
Mwanawe wa Maskati katuma sauti kwenye simu:
mama anawaza sana, mpeni dawa alale.
Mwalimu wangu alituchorea miduara mitatu ubaoni,
mwili, nafsi, watu,
akatia rangi pale inapokutana.
Bi Shumbana angekaa ndani ya rangi ile
na nafasi ikabaki.

"Sisi tunaita sonona," namwambia.
"Sonona si jina, mwanangu. Ni kitendo.
Moyo unasonona. Mtu hawi sonona."
Hakuna mtihani ulionisahihisha hivyo.

Usichana wake alichambua karafuu kwa ujira wa pishi.
Anaijua kazi yangu:
karafuu huku, makonyo kule,
na giza likiingia unachambua kwa vidole,
maana ukitegemea pua umekwisha,
vyote viwili vinanukia sawa.
Huzuni huku. Ugonjwa kule.
Vidole vyangu bado laini.

Swali la tisa, lile zito,
ambalo Kiswahili changu kiliinama kulibeba:
umepata kuwaza kwamba heri usingekuwapo?
Feni inazunguka. Mtu anakohoa kwenye benchi la nje.
"Nawaza sikumuuliza marehemu
ufunguo wa kasha kauweka wapi.
Kila usiku nautafuta.
Kufa sijaomba miye. Naomba kulala."

Hilo halina kisanduku. Nimeliandika pembeni.

Nimehesabu. Zimefika sita.
Kalamu imesimama juu ya mstari wa mwisho,
na yeye, asiyesoma herufi za kizungu,
anajua mstari ule ni wa nini.
"Andika kwa penseli."

Sina penseli. Nikatoka, nikaazima
kwa mtoto aliyekuwa akingoja sindano,
kipande kifupi, kimetafunwa nyuma.
Nikaandika jina, hafifu,
ukiinamisha karatasi halionekani.

Atarudi Jumatano.
Mlangoni, akitafuta ndara zake kwa mguu, akasema
kasha lenyewe halina kitu.