Diski ya Kiti cha Nyuma

Gari lilishuka Kilindini likiwa na kilomita elfu themanini,
jeupe, zulia lake lingali na vumbi la kwao,
na kazi yangu ni kuliosha kabla tajiri hajalitia bei.
Chini ya kiti cha nyuma, penye makombo ya biskuti
na soksi moja ya mtoto, ya manjano,
nikaiona diski.

Kijapani changu ni majina ya magari tu.
Yale maandishi yalikuwa nyayo za kuku juu ya unga.
Nikaipangusa kwa shati, nikarudi nayo Majengo.

Mlikuwa na fisi-maji mwenye kizibao, pekupeku,
dereva wa garimoshi lipitalo juu ya mawingu.
Nyegere mpishi, aproni imemkaza tumbo.
Bundi wa miwani, mkoba begani.
Wote wanatembea kwa miguu miwili,
wakigombana, wanamiminiana chai kwanza.
Walitoka wapi, hatujui.
Diski ilianzia katikati, kama jirani anayeingia
na habari aliyoianza mlangoni kwa mtu mwingine.

Umulkheri, miaka sita, akanigeukia:
"Baba, wasemaje?"
Ningeweza kusema sijui.
Nikakohoa, nikavaa sauti ya nyegere:
"Nani kadokoa sambusa zangu?"
Kumbe mdomo wake bado unaenda, ana mengi;
nikaongeza bizari, nikaongeza ndimu,
mpaka ukafumba.

Tangu hapo, kila baada ya isha,
mimi ni wanyama kumi na mmoja.
Mke wangu akanipokonya mbweha muuza taa.
Mbweha wako, alisema, asikika kama dalali.

Na mama mkwe, bundi alipotokea,
alijifunika leso gubigubi.
"Bundi! Ndani ya nyumba! Usiku!"
Huyu ni mkunga, mama, nikamwambia, hebu tazama.
Na kweli, bundi aliingia tunduni kwa panya mwenye uchungu
akatoka na watoto saba juu ya jani moja.
Usiku wa tatu, wa kwanza kuketi mkekani ni yeye:
"Bundi wangu kaamkaje?"

Kisha ikaanguka theluji, nikakwama.
Machi hii, feni inazungusha joto lile lile,
nami nieleze theluji.
"Nazi," nikasema. "Mbingu zinakuna nazi."
Umulkheri akafikiri.
"Na tui hukamuliwa na nani?"
Nyegere, nikajibu, na Mungu si Athumani,
picha iliyofuata ilikuwa nyegere akikoroga sufuria.

Mwisho hatunao.
Pana mkwaruzo, labda wangu, labda wa mwenye soksi:
daraja limekatika, garimoshi linaning'inia,
fisi-maji anaruka
na hapo hapo anaganda,
mkia juu, mguu mmoja umenyooka,
miraba ya kijani inamla sikio.
Nimesugua kwa dawa ya meno.
Nimesugua kwa ganda la ndizi, ushauri wa fundi wa Mwembe Tayari.
Hasogei.

"Hajaanguka," Umulkheri husema,
kana kwamba mwenye kuhitaji kutulizwa ni mimi.
Halafu anaamua.
Juzi alitua kwenye feri ya Likoni, akakosa pa kuuweka mkia.
Jana Marikiti, ndani ya gunia la pilipili manga,
akapiga chafya ikasikika Changamwe.
Leo nilipouliza, alikataa.
"Leo mwache apumzike hewani."

Kazini bado napeleka mkono chini ya viti.
Nimepata sarafu zenye tundu, penseli, vibanio vya nywele,
risiti ya kitu nisichoweza kukisoma.
Diski nyingine, hapana.

Soksi niliifua, nikataka kuitupa.
Imekaa juu ya televisheni, imekunjwa vizuri,
na mtu asiiguse:
akitua, amesema Umulkheri,
atauvika ule mguu ulionyooka.