Kiroba Kimoja cha Udongo

Udongo wa mama yangu umefika mjini kabla yangu.
Haukulipa nauli.
Mvua ya usiku imeuteremsha kutoka Kabare,
ukapita mifereji ya Kadutu,
ukalala mbele ya meza yangu, mwekundu, laini,
kama uji ulioachwa na mtoto.

Naujua. Kila shamba lina rangi yake
kama kila ukoo ulivyo na pua yake.
Huu niliula nikiwa mdogo, nikachapwa.

Wateja wanauruka. Wananunua mchele
uliovuka bahari mbili
na bado ni rahisi kuliko maharagi
yaliyotembea nusu siku kichwani mwa Nankafu.
Sielewi hesabu hiyo. Mimi napima tu:
gigozi moja, gigozi mbili,
na kilima kidogo juu, cha kumrudisha mteja kesho.

Mama alikata miti mwaka wa deni.
Usimseme.
Mtoto wa nne alikuwa amefukuzwa darasani.
Miti ikawa makala, makala yakawa minervali,
mteremko ukabaki bila mkono
wa kushika nguo yake upepo ukija.
Muhogo aliopanda pale ulitoka mwembamba kama kidole.

Imesimama kahawa peke yake, mistari mitatu.
Anaichuma, anaiosha, anaibeba mpaka kwenye mzani,
na karani Zihalirwa anasoma bei kwenye simu,
bei iliyoamka mbali,
kwa watu wasioijua mvua yetu hata kwa jina.
Kahawa yake mwenyewe hajawahi kuionja.
Anakunywa maji ya moto.
Yanatosha, anasema.

Juzi umeme ulikatika, jirani akasema
mashine za Ruzizi zimekabwa na tope.
Nikakaa gizani na sahani ya sombe
nikiwaza: hata hilo tope ni letu.
Tumelima mpaka tumezima taa.

Jumamosi nilichota.
Kwa kijiko, kwa kifuniko cha sufuria, kwa kucha.
Kikajaa kiroba kimoja, nikakifunga nyuma ya pikipiki.
Dereva alicheka mpaka tukafika kwenye kamba.

Pale kwenye kamba mtu wa kodi alifungua,
akatia kidole, akanusa.
Daftari lake lina mstari wa ndizi,
mstari wa makala, mstari wa mbuzi.
Udongo hauna mstari.
Akafikiri kidogo, akaandika: maharagi.
Nikalipa kodi ya maharagi.

Mama hakuuliza kwa nini.
Alikimwaga chini ya kahawa ya mwisho,
ile iliyo ukingoni, mizizi nje,
akashindilia kwa kisigino, polepole,
akakung'uta kiroba mara tatu.
Halafu akainua macho, akatazama chini kule,
mji wote na maji yake mekundu,
akaniuliza:

"Na ule mwingine?"