Si Upo Nyumbani

Saa mbili kasoro kumi naisogeza meza
mpaka pale mtandao unapopita:
hatua mbili kutoka dirishani, moja kutoka kwenye friji.
Nyumba yetu ya Igogo imeegemea jiwe
kubwa kuliko nyumba zote tatu za mwenye nyumba,
na jiwe halina habari na intaneti.

Nyuma yangu nimetundika kanga ya harusi ya wifi
kuficha ndoo, mtungi wa gesi, viatu vya Doto.
Kwenye kamera mimi ni mwalimu hadi kiunoni,
blauzi imepigwa pasi.
Chini ya meza ni kitenge na malapa.

"Hamjambo?"
Viduara thelathini na kimoja, kila kimoja na jina lake.
Kimya.

Darasani nilikuwa najua.
Asiyeelewa hujikuna sikio kwa kalamu,
huchungulia daftari la jirani,
huomba ruhusa ya kwenda kunywa maji.
Kimya kilikuwa na uso.
Hiki cha sasa hakina hata pua.

"Mnanisikia?"
Mwaka huu nimelisema hilo
kuliko nilivyomwita mwanangu.

Mama mkwe anapita na ungo:
"Nyanzala, nimebandika maharage, uyaangalie.
Si upo nyumbani?"
Mwenye nyumba, kichwa dirishani:
"Fundi bomba akija mfungulie.
Si upo nyumbani?"
Chini yetu Bugumba anachomelea geti la mtu wa Kirumba,
kila cheche na kelele yake,
naye hanisemeshi, ila asubuhi alimwambia mke wangu wa pembeni,
yule muuza vitumbua tunayetaniana naye,
kwamba mwalimu siku hizi kaacha kazi, anashinda ndani.

Nipo nyumbani. Nipo kazini.
Kati ya sentensi hizo mbili kuna mlango
ambao nyumba hii haikujengewa.

"Mlinganyo ni mizani," nawaambia viduara,
"kama ya dagaa pale Mwaloni.
Ukipunguza huku, punguza na huku,
la sivyo umemwibia mtu."
Nasema hivyo nimeukaza mlango kwa mguu wa kushoto,
Doto anausukuma kutoka upande wa pili.
Mizani.

Tatu x, toa nne, ni sawa na kumi na moja.
Naandika. Mvua inaanza ng'ambo ya ghuba,
inavuka maji, inapanda mlima,
inalifikia bati letu kama gunia la karanga lililopasuka.
Napiga kelele: "Sasa! Nne! Tunaipeleka wapi?"

Hapo luku ikaisha.

Kuomba salio kwa shemeji. Kungoja ujumbe.
Tarakimu ishirini nikiwa nimelowa koridoni,
nikakosea ya kumi na saba, nikaanza upya.
Dakika ishirini na mbili.
Nilirudi nikijua nitakuta viduara vimekwisha,
kama vyungu sokoni jua likizama.

Walikuwepo. Na kuna mtu alikuwa anaongea.

Shija, wa Nansio, anayesoma kwa simu ya shangazi yake
nyuma ya duka la vifaa vya shule.
Tangu Januari sijawahi kuisikia sauti yake,
kumbe imeshaanza kubomoka na kuwa ya mwanamume.
"Nne inahama, inakuja huku. Kumi na moja toa nne.
Tatu x ni saba."
"Saba haigawanyiki kwa tatu," akasema Limi.
"Igawanye kwa nguvu."
Wakacheka. Nilisahau kwamba wanacheka.
"Mwalimu kasema mizani, sasa wewe umeiba," akadakia mwingine,
na ubishi ukawaka, vidato vyote vya sauti,
mmoja nyuma yake jogoo, mmoja televisheni.

Sikuwasha kipaza sauti.
Nilikaa na maji yakinidondoka nyweleni
nikiwasikiliza wakikosea.

Kisha nikaona imetosha.
"Alama, Shija. Nne imevuka na alama yake ile ile."

Kimya. Kisha kutoka Nansio, polepole:
"Aa. Kumi na tano. Tano."
Na baada ya hapo:
"Mwalimu, kumbe upo?"

"Nipo," nikasema.

Nyuma ya kanga, maharage yalikuwa yameanza kunuka.