Sekunde Sitini, Kongwa

Simtanki la lita elfu, limekatwa nusu
na Mbijili, fundi mageti.
Maji yamelala nje na upepo wa Julai,
kisha alfajiri Mama Semwali wa samaki
akamwaga barafu, vipande vina magamba bado.

Nimeahidi dakika moja.
Kila sekunde ina bei: mhasibu wa halmashauri,
mwenye duka la mbolea, shemeji yangu wa Kibaigwa
aliyeuliza, "Wewe? Unayechemsha maji ya kuoga Novemba?"
Fedha ni za kitanda cha wodi ya wazazi;
kilichopo kimefungwa kwa mpira wa baiskeli.

Bukta ni ya mdogo wangu. Kanga nimeshaivua;
ukifika hapo, methali inakusukuma yenyewe.

Mguu. Wa pili. Halafu kiuno,
nikasahau jina langu,
nikasahau Kiswahili,
kikatoka Kigogo cha bibi, neno la kufukuzia mbuzi.
Wakacheka. Meno yangu yakaendelea kuhesabu.

Kwenye arobaini hivi nikawaza, ajabu,
si baridi: wingi.
Tangu nizaliwe nimeoga kwa kopo,
kopo la kwanza, la pili, basi.
Leo maji yamenifika shingoni
na hakuna aliyeniambia, bakiza.

"Sitini!"
Nikakaa kidogo zaidi.
Hizo hazikuwa na mlipaji.

Nilipotoka, ndoo zilishapangwa foleni:
za matofali, za miche ya mipapai.
Mbuzi wa Mbijili akanusa samaki,
akanitazama,
akanywa.