Herufi Themanini

Soko linanipa herufi themanini,
na nafasi tupu nazo zinahesabiwa.
Humo ndimo ninamopakia mali za watu,
hapa Caxias do Sul, chumba cha juu ya duka la mkate,
Julai, ukungu umebandikwa dirishani kama stempu.
Juzi jiko la kuni la Ivanir.
Jana buti za mchunga ng'ombe, namba arobaini na mbili
(namba ikikosekana, buti halipati mguu).

Leo kaja Zulmira Bortolin na kodiani ya Oreste,
kaiviringisha blanketi kama mtoto mwenye homa.
Kichwa cha tangazo kakiandika mwenyewe,
nyuma ya risiti ya dawa:

*Kodiani nzuri sana sana, ya marehemu mume wangu, tafadhali asinunue mtu asiyejua kupiga*

Nikahesabu kwa ncha ya kalamu.
Themanini na saba.
Mashine, nikamwambia, ingekata neno la mwisho,
ibaki: asinunue mtu asiyejua.
"Hivyo pia ni sawa," akasema,
akafyonza majani yake ya uchungu kwenye kibuyu.

Zulmira, sikiliza.
Hakuna anayetafuta "nzuri".
Saa nane za usiku mtu yuko Passo Fundo, amelala chali,
kidole gumba kimoja juu ya kioo,
anaandika kodiani,
anaandika besi mia na ishirini,
anaandika nyekundu, maana ya babu yake ilikuwa nyekundu.
Huyo ndiye tunamwandikia.
Tutangulize analolijua, tufuatishe analoliogopa.
"Sana sana" inakula herufi tisa na haimfikishi mtu popote.
Na waliosema kizuri chajiuza
hawajawahi kulala ukurasa wa arobaini.

Akanyamaza. Chini, trei za mkate zikagongana.

Nikaandika: imetumika.
Akaweka kibuyu mezani.
"Fagio hutumika. Hii ilipigwa."
Nikiandika ilipigwa, mama,
watadhani imepondeka.
Akacheka, mara ya kwanza tangu apande ngazi,
kisha kicheko kikageuka kitu kingine
nami nikajifanya nasoma mwaka uliochongwa chini ya mvukuto.
1961.
Nikafuta "imetumika". Mwaka unatosha kusema.

Kuna kibonye cha besi kinachokwama.
Nikasema, hilo tuliweke ndani, kwenye maelezo,
kichwani hukai na kasoro, kichwani unakaa na nywele zako zilizochanwa.
"Liweke juu," akasema.
"Mimi niliolewa naye bila kuambiwa kwamba anakoroma."

Basi tukapanga, tukapangua,
tukauza koma moja, tukanunua neno:

*Kodiani Bertuol Besi 120 Nyekundu 1961, Mkanda Mpya, Kibonye Kimoja Chakwama*

Sabini na sita.
Zimebaki nne, akaniuliza zinatosha nini.
Jina lake lina sita.
Ukitoa nafasi ya kutenganisha, ni tatu tu, na tatu ni kitu gani?
Wauzaji wengine hapo hupachika alama za mshangao,
nyota, moto, mkono unaonyoosha kidole.
"Acha wazi," akasema Zulmira.
"Alikuwa anafungua mvukuto kwanza, polepole,
bila kubonyeza chochote. Sisi tukingoja."

Alhamisi akatuandikia mtu wa Vacaria.
Hakuuliza bei.
Kibonye kipi?

Nikampigia Zulmira.
Kodiani ilikuwa kwangu, chini ya meza,
lakini nilimsikia kule jikoni kwake
akivuta kiti, akikaa, akikohoa kidogo,
na najua mkono wake wa kushoto ulikuwa hewani.
"Mstari wa pili, cha tatu kutoka chini.
Mwambie abonyeze kwa ubavu wa kidole.
Na asikiharakishe, kitapanda chenyewe.
Umeandika? Andika yote.
Huko hakuna themanini, au kuna?"