Mpima Maji

Chaco, mpakani mwa Bolivia, 1933

Dukani kwa Don Abundio, kule Oruro,
nilikuwa napima sukari, chumvi, na misumari kwa ratili.
Ndiyo maana wakanipa kopo.
Luteni alisoma cheti changu, akacheka:
"Huyu mizani anaijua."

Kopo lenyewe ni la sadini, mdomo umekunjwa kwa nyundo.
Moja asubuhi, moja jua likitua,
kwa kila jina lililomo daftarini.
Majina arobaini na moja.

Lori la maji huja siku ya pili, au ya tatu,
au hukwama mchangani huko nyuma,
na dereva hulala juu ya boneti na bastola yake
asije mtu akanywa rejeta.
Novemba alikuja mtu, akanywa.
Tulimzika na kutu midomoni.

Sisi ni watu wa baridi. Kwetu
maji ya asubuhi huvunjwa kwa kisigino.
Hapa jua linatumenya kama viazi,
na miiba inakukamata shati kama mdai.
Viatu vilishonwa kwa miguu ya watu wa mjini;
Colque amevikata ncha vyake kwa kisu,
vidole vinachungulia kama watoto wa panya.
Na bado kuna gwaride. Bado kuna kunyoa.
Luteni anataka mashavu laini mbele ya bendera,
basi tunanyoa kwa mate,
siku mate yakipatikana.

Adui? Nimemsikia tu. Hukohoa usiku
ng'ambo ya vichaka, kikohozi kikavu
kama chetu.

Wenzangu hawanipendi, nami siwalaumu.
Wanakilinda kidole gumba changu kisizame koponi,
maana kidole nacho hula nafasi.
Huarachi huinama akakagua mpaka kitako:
"Limebonyea hapa. Tangu lini?"
Tangu juzi, namwambia. Ulilipiga teke mwenyewe.
Mkono wangu unanuka sadini hata ndotoni.

Jumanne walitoka sita kwenda doria.
Jua likatua. Hawakurudi.
Makopo sita yakabaki pipani,
na wanaume thelathini na wanne wakakaa chini, kimya,
hakuna aliyelitazama pipa,
hakuna aliyetazama kitu kingine.

Nilingoja mpaka nyota. Nilingoja mpaka Sajini Baldivieso
aliponiambia, akiwa amenipa mgongo, "Futa."
Nikafuta. Kifutio cha penseli yangu
kimebaki kama ukucha. Majina sita.
Kisha nikagawa: kila mtu funda moja, pungufu.
Ahsante sikuisikia.
Colque peke yake alilimimina lake mchangani,
kama afanyavyo mama yake kabla ya kupanda viazi.
Mmoja akamtukana. Mwingine
alipiga magoti, akaramba palipolowa.

Alfajiri Huarachi akarudi.
Alikuja akitambaa, bila bunduki,
shavu limechanwa na miiba,
kikombe chake cha bati tayari mkononi.
Hakusema lolote juu ya wale watano. Hatukumwuliza.
Alipoinuka akapita katikati yetu,
kila mtu aliona ghafla kwamba kamba za viatu vyake zimelegea.
Akasimama mbele yangu.

Nililigonga pipa. Likalia kama ngoma.
Chupani mwangu mlikuwa na kopo langu la jana,
sijaligusa, sijui kwa nini sikuligusa.
Na sheria naijua, niliiandika mwenyewe
ukurasa wa kwanza wa daftari:
asiye na jina hana maji.
Mkono huu, mkono wa dukani,
haukwenda kwenye chupa. Ulichukua penseli.
Nikaandika H. Nikaandika u.
Naye akangoja, kikombe kikitetemeka,
nilimalize jina.
Sikuwahi kujua kwamba ni refu hivyo.